Karata za Babu na Midomo ya Watu

Siku ya Chama chetu cha Kiswahili niliweka mezani mkebe wa biskuti wenye karata za babu yangu, pakiti saba, nikazungumza kwa dakika kumi na tano juu ya maneno haya manne: kopa, shupaza, uru na pau. Tangu siku hiyo sijapata raha. Kila nikisimama kwenye foleni ya chakula naulizwa maswali yale yale mawili. La kwanza: "Zile karata zabashiri kweli?" La pili, tena kwa sauti ya chini: "Kwani babu yako ni mganga?" Wapo hata walionivuta kando niwaangalizie kama watapasi mtihani. Mdomo umenichoka. Nimeonelea heri nijibu kwa kalamu, kwani wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwenye mali ni babu mzaa baba, mzee wa Mtongwe, huko Likoni. Ujana wake aliumalizia baharini. Alianza kwa ukuli pale Kilindini, kisha akapanda meli za mizigo kama mpishi msaidizi, na kwa zaidi ya miaka ishirini akawa mtu wa kuja na kuondoka. Mabaharia wenzake walirudi na redio, vitambaa na saa za mkono. Yeye pia alileta hivyo, maana nyanya angemfungia mlango, lakini kila aliposhuka bandari mpya hakukosa kununua pakiti moja ya karata. Nilipomwuliza kwa nini karata, alinijibu, "Mjukuu wangu, baharia hawezi kujua lugha ya kila bandari. Lakini ukiketi na watu ukatoa karata, mwaelewana kabla chai haijapoa."

Siku hizi babu haoni vyema. Presha ya macho imemwachia vivuli tu. Likizo ya Aprili aliniita, akauvuta mkebe kutoka uvunguni mwa kitanda, akaniambia, "Nisomee karata zangu, uziandike." Msinifahamu vibaya. Alitaka nimweleze kilichochorwa kwenye kila moja, moja baada ya nyingine, apate kuziona tena kwa masikio. Nikanunua daftari la kurasa 96. Kazi ilichukua siku kumi na moja. Mengi ninayowaambia hapa yametoka katika daftari hilo. Mengine nimeyasoma baadaye na kuyalinganisha na maneno ya babu.

Pakiti ya kwanza ni hii mnayoijua nyote, ya karata 52. Ndiyo aliyonifundishia wahedi wa sitini, mchezo ambao jina lake ni hesabu tupu: sitini na moja. Vijana wengi tunayataja mafungu ya karata kwa Kiingereza, lakini mpe mzee wa Likoni au wa Kisauni karata yenye moyo mwekundu, atakwambia hiyo ni kopa. Mbona moyo uitwe kopa? Nilimwuliza babu. Akacheka, akasema, "Fungua pakiti ya pili."

Pakiti ya pili aliinunua Napoli, Italia. Ina karata arobaini, na ndani yake hamna moyo hata mmoja. Mna vikombe, panga, sarafu za dhahabu na marungu. Babu akaniambia nizipange mafungu manne, kisha akanitajia majina yake kwa Kireno, lugha aliyoiokota kwa mabaharia wenzake: copas ni vikombe, espadas ni panga, ouros ni dhahabu, paus ni magongo. Kopa, shupaza, uru, pau! Nilipigwa na butwaa. Maneno ambayo nilidhani hayana maana yoyote yalikuwa na maana tangu hapo; picha tu ndizo zilizopotea.

Wareno walifika Mombasa na Vasco da Gama mwaka 1498. Wakaanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, na Waomani wakawatoa humo mwaka 1698. Ngome walituachia, na maneno pia: meza, leso, bendera, mvinyo, na hili la karata kutokana na carta. Baadaye zikatujia karata za mtindo wa Kifaransa zenye moyo, lakini ulimi wetu umeendelea kutaja kikombe.

Ya tatu ni ya Kobe, Japani. Ni karata 48, ndogo na nene, zilizochorwa maua na miti, karata nne kwa kila mwezi wa mwaka. Zaitwa hanafuda. Wajapani nao walizipata karata za kwanza kwa Wareno, waliofika kwao mwaka 1543, na jina la karata kwa Kijapani hadi leo ni karuta. Karuta na karata! Sisi na wao tulisoma kwa mwalimu mmoja. Tena ile kampuni ya Nintendo, ambayo wengi wenu mwaijua kwa michezo ya video, ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 kutengeneza karata kama hizi. Ya nne ni ganjifa, kutoka mji ambao wakati huo uliitwa Bombay na leo waitwa Mumbai. Hizo ni za duara, 96 kwa jumla, zimepakwa rangi kwa mkono. Babu huzipapasa kingo zake akatabasamu hata kabla sijamwambia kilicho ndani.

Mkebeni hamna karata za Misri, lakini lazima nizitaje, kwa kuwa zatuhusu sisi wapenzi wa lugha. Katika makumbusho ya Topkapi mjini Istanbul zimehifadhiwa karata za zama za Wamamluki wa Misri. Mafungu yake ni vikombe, panga, sarafu na fimbo za kuchezea polo. Hazina sura za watu. Vyeo vimeandikwa kwa Kiarabu: malik, yaani mfalme, kisha naibu wake, kisha naibu wa pili. Ndiyo naibu hii hii ya naibu wa mwalimu mkuu! Karata zilipoingia Italia watu waliziita naibbe, na mwaka 1377 mji wa Firenze ulitoa amri dhidi ya mchezo huo. Wahispania huziita naipes hadi sasa. Basi anayesema karata ni mambo ya Wazungu watupu, mwambieni asome zaidi.

Sasa tufike kwenye pakiti tatu za mwisho, ambazo ndizo zilizozua kishindo. Ya tano ni ya Marseille, ya sita ni ya London, ya saba ni ya Hamburg. Mbili za mwanzo zaitwa taroti. Taroti ina karata 78. Kati ya hizo, 56 ni za mafungu yale yale tuliyokwisha kuyataja: vikombe, panga, sarafu na magongo. Zilizobaki 22 ni picha: mfalme, malkia, mwezi, jua, mnara unaoanguka, shetani mwenye pembe, na mifupa ya mtu.

Zilibuniwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na zilibuniwa kwa mchezo. Karata za picha zilikula nyingine zote, zikaitwa trionfi. Neno hilo ndilo lililowapa Wareno trunfo, nasi likatupa turufu. Kila unaposema "nina turufu mkononi" walitaja jina la kwanza kabisa la taroti, nawe hujui. Ufaransa watu huzicheza hadi leo, kama sisi tunavyocheza zetu barazani.

Mambo ya kubashiri yalikuja karne tatu baadaye. Mwaka 1781 Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, aliandika kwamba taroti ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao. Maandishi yenyewe ya Misri ya kale hakuna aliyeweza kuyasoma wakati huo. Champollion alitangaza ufunguo wake mwaka 1822, miaka 41 baadaye. Lakini uongo mtamu hauulizwi cheti. Watu waliupenda, wabashiri wa Paris wakaanza kuuza karata za kazi hiyo, na hadi leo wako wanaouamini.

Zile za London zilitoka mara ya kwanza mwaka 1909. Jina la mchapishaji, Rider, na la bwana aliyeziagiza, Waite, ndiyo yaliyozishika. Aliyezichora zote 78 ni mwanamke, Pamela Colman Smith, na kwa miaka mingi hakutajwa katika jina la karata hizo. Alilipwa kidogo, akafariki mwaka 1951 akiwa maskini, ilhali picha zake zimeuzwa dunia nzima. Babu husema huyo ndiye wa kuulizwa kama karata zajua ya mbele. Mbona hazikumwambia adai malipo zaidi?

Ya saba, ile ya Hamburg, ina karata 36 zenye picha za vitu: meli, nyumba, nanga, jeneza, barua. Yaitwa Lenormand, kwa jina la mbashiri wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1843. Lakini bibi huyo hakuibuni. Picha zake zilitokana na mchezo wa dadu wa nyumbani uliotoka Nuremberg, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 18, ukiitwa Mchezo wa Matumaini. Jina lake lilibandikwa juu baada ya kufa kwake, kwa sababu lilikuwa likiuza. Mwaona? Taroti ilianza kuwa mchezo, na hii nayo ilianza kuwa mchezo.

Msije mkadhani kwamba sisi watu wa pwani tu wageni wa mambo ya kubashiri. Ramli twaijua. Neno lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni mchanga, kwa kuwa alama zake zilipigwa mchangani. Ina maumbo 16, kila umbo mistari minne, na kila mstari una nukta moja au mbili. Hesabuni wenyewe, mbili mara mbili mara mbili mara mbili. Ilivuka hadi Madagaska, ambako huitwa sikidy na hupigwa kwa mbegu. Unajimu nao tunaujua. Nani wa rika la wazazi wetu asiyelisikia jina la Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011? Dini zetu zimesema yake. Waislamu wana Sura ya al-Maida, aya ya 90, inayokataza kamari na mishale ya kupigia kura. Wakristo wana Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, inayokataza uaguzi. Babu ni mtu wa swala tano. Hajapata kupiga ramli, na karata hazichezi kwa pesa, hata senti tano.

Baada ya kuyajua hayo, sikilizeni yaliyotokea.

Siku ya sita ya kazi yetu tulikuwa barazani, nikimsomea karata ya kumi na tatu ya pakiti ya London.

"Farasi mweupe, babu. Aliyempanda ni mifupa mitupu imevaa deraya. Ameshika bendera nyeusi yenye waridi jeupe. Chini kuna mfalme amelala, ni maiti. Kuna na mtoto amepiga magoti."

"Na nyuma kule, mwisho kabisa?"

"Kuna minara miwili, na katikati yake jua."

"Basi usilisahau jua, uliandike."

Kijana wa jirani alikuwa akipita na mtungi wa maji. Alisikia mifupa na maiti. Jua hakulisikia. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari.

Usiku wa pili yake, baada ya isha, akaja mama mmoja wa mtaa wa nyuma. Jina lake nitalificha. Mwanawe alikwenda kufanya kazi ya udereva katika nchi moja ya Ghuba, na huo ulikuwa mwezi wa tano hajapiga simu. Alifungua pindo la leso akatoa shilingi mia tano.

"Mzee, niangalizie tu kama yu hai."

"Mwanangu, rudisha pesa zako," babu akamwambia. "Haya ni makaratasi. Hayajui hata mimi nina nini mkononi mpaka niyafunue."

Mama akamtazama kwa muda. "Kwa hivyo umeona, wanificha."

"Sikuona kitu, mwanangu. Macho yenyewe yako wapi?"

"Ungalikuwa umeona heri, ungalisema." Akafunga pindo la leso yake, akaenda zake hata hakuaga.

Nilikuwa nimeketi palepale na koroboi. Nasema kweli, moyoni nilitamani babu amwambie neno moja tu zuri, apate usingizi usiku ule. Nilipomwambia hivyo, babu alinyamaza kitambo, halafu akanena, "Na kesho akija tena? Na siku maiti ikiletwa? Neno zuri nisilokuwa nalo ni deni, mjukuu wangu. Atakuja kulilipa yeye."

Siku tatu hazikupita, hadithi ikabadilika. Mzee wa karata ameona kifo cha kijana wa watu. Wengine wakatia chumvi, wakasema ndiye aliyekiita. Babu akifika dukani, mazungumzo yakatika. Watoto waliokuwa wakija kucheza barazani wakakatazwa. Usiku mmoja mawe mawili yakatua juu ya mabati, moja baada ya jingine. Fikiria hali hiyo, ndugu msomaji. Angalibashiri, angaliitwa mganga. Alipokataa, akaitwa mganga anayeficha.

Msifanye mzaha na jambo hili. Magazeti yetu yameripoti mara nyingi habari za wazee kuuawa katika kaunti za Kilifi na Kwale kwa kutuhumiwa uchawi. Aghalabu chini ya tuhuma huwa kuna shamba linalogombewa, na mara nyingine ushahidi ni mvi na macho mekundu tu. Huko Ganze, mahali paitwapo Kaya Godoma, pamekuwa na kituo cha kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao, wengine wakikimbia watoto wao wa kuwazaa. Mzee mwenye mvi, asiyeona vyema, mwenye picha za mifupa mkebeni, na uvumi umekwisha kuanza. Je, kilibaki nini?

Shangazi alijua kilichobaki. Alikuja mbio kutoka Kisauni, kibiriti mkononi.

"Baba, nakuomba. Tuvitie moto vitu hivi leo hii tulale. Mimi sitaki kuja kuzika mzee kwa sababu ya makaratasi."

"Ukivichoma, watasema umevichoma kwa kuwa ni vya uchawi," babu akajibu. "Moshi wenyewe ndio utakaokuwa shahidi."

"Na usipovichoma, watakuja kuchoma nyumba na wewe ndani!"

Nami nilikuwa katikati yao, mkebe magotini. Nilimsikiza huyu nikaona ana haki. Nilimsikiza yule nikaona ana haki pia. Mwishowe babu akasema jambo moja: yule mama aitwe, mzee wa mtaa aitwe, na kijana mwenye mtungi wa maji aitwe. Jumamosi, baada ya alasiri, barazani, mchana kweupe.

Walikuja, na wasioitwa pia wakaja. Babu akaniambia nichange karata za London mbele ya wote. Akamwomba mama azikate, kisha achomoe moja kwa mkono wake mwenyewe na moyoni aulize lile swali lake. Shangazi akasoma audhubillahi kwa sauti. Karata ikatoka: Jua, mtoto mchanga juu ya farasi, maua ya alizeti nyuma yake. Watu wakashusha pumzi. Mama akaanza kulia kwa furaha.

"Irudishe," babu akasema. "Changa tena. Swali ni lile lile."

Ya pili ikatoka panga kumi: mtu amelala kifudifudi na mapanga yote kumi yamekita mgongoni. Mama akashika kifua. Kijana wa mtungi akarudi nyuma hatua mbili.

"Irudishe. Changa."

Ya tatu ikawa Zuzu: kijana anatembea ukingoni mwa jabali, kifurushi begani, macho yako mawinguni.

Babu akauliza, "Haya jamani, huyu kijana yuko wapi katika hizi tatu? Kabla kahawa haijapoa amekuwa hai, amekufa, kisha amekuwa msafiri asiyetazama njia. Ningekuwa tapeli ningekomea ile ya kwanza, nikachukua mia tano yangu, nanyi mngenisifu."

Hakuna aliyejibu. Baadaye nilipiga hesabu kwenye daftari. Wabashiri wengi hutandika karata tatu. Katika karata 78, tatu zaweza kufuatana kwa njia 78 × 77 × 76, yaani 456,456. Na kila mfuatano kati ya hizo unaweza kupewa maelezo yakamfaa mtu yeyote aliyeketi mbele yako akiwa na huzuni. Maelezo hayatoki kwenye karatasi. Yatoka kwa mwenye huzuni, naye mbashiri humrudishia na kumtoza.

Kisha babu akaniambia nitafute karata ya barua katika pakiti ya Hamburg. Nikaitia mkononi mwake. "Hii peke yake nitaitii," akasema, "kwa sababu yatuamuru kazi. Leta kalamu." Pale pale barazani tukaandika: jina la kijana, nambari ya pasipoti, jina la wakala aliyempeleka, mji aliofikia, tarehe ya simu ya mwisho. Mzee wa mtaa akatia sahihi yake. Jumatatu asubuhi nilivuka feri na mama, tukapeleka nakala moja kwa wakala, na nyingine tukaituma Wizara ya Mambo ya Nje. Nakala yetu ilipigwa muhuri. Mama aliikunja, akaifunga katika lile pindo la leso lililokuwa na zile shilingi mia tano.

Wiki ya saba simu ikalia. Kijana yu hai. Alikuwa amehamishiwa mji mwingine na kunyang'anywa simu yake. Mama alileta sinia ya mahamri na mbaazi, akambusu babu mkono, na siku ile baraza likajaa watoto tena.

Wale waliosema babu ameona kifo, walitahayari? Wapi! Sasa wasema alijua tangu mwanzo kwamba kijana yu hai, ndiyo maana akakataa pesa. Wiki mbili hazikupita, wakaja watu watatu, kila mmoja na pindo lake, wakitaka waangaliziwe. Babu akawaambia yale yale. Mmoja aliondoka akisema, "Huyu mzee ni hodari, lakini ana kiburi." Anayetaka kuamini hakosi ushahidi, hata kukana kwako huuweka upande wake.

Kwa hivyo shangazi alipata nusu ya alichotaka. Mkebe haukuchomwa, lakini haulali tena Mtongwe. Uko kwetu Changamwe, chini ya kitanda changu. Kila Jumamosi nachukua pakiti moja, naifunga kwa gazeti, navuka nayo feri ndani ya mkoba wa shule, na jioni narudi nayo. Babu hajalalamika. Lakini nikimwekea mkononi ile ya ganjifa, huishika muda mrefu kabla ya kuanza kuniuliza. Vitu vyake mwenyewe vyamtembelea kama wageni, na sababu ni kwamba mtu alisikia maneno mawili akaenda nayo.

Sasa nijibu maswali yenu. Je, zabashiri? La. Zasimulia. Zilinisimulia Wareno, Wamisri, Waitalia na Wajapani, na zikanionyesha kwamba Kiswahili chetu kimeweka vitu ambavyo hata wenye navyo wamevisahau. Je, babu yangu ni mganga? Ni baharia mstaafu aliyependa michezo ya watu. Na wewe uliyetaka kujua kama utapasi, fungua daftari lako la hesabu. Nililokuonyesha hapo juu litakufaa.

Nina ombi moja kwenu wanafunzi wenzangu. Wengi wetu tuna babu na nyanya huko Kilifi, Kwale na hapa hapa bara ya Mombasa. Ukisikia mzee anaitwa mchawi, usilipokee neno hilo na kulipitisha kama chumvi mezani. Uliza: nani aliona? Aliona nini hasa? Na ana ugomvi gani na mzee huyo? Maswali hayo matatu hayahitaji karata.

Mwisho, atakaye kujifunza wahedi wa sitini na anione saa ya mapumziko ya Ijumaa katika chumba cha Chama. Mwalimu mlezi ametoa idhini. Pesa haziruhusiwi, na atakayesema Kiingereza badala ya kopa, shupaza, uru na pau atakosa zamu.